Karatasi Iliyotoka kwenye Kompyuta: Kumbukumbu za Utafiti wa Sheria na Teknolojia ya Habari

Utafiti wa sheria na teknolojia ya habari, yaani uchunguzi wa kitaaluma unaohoji namna kanuni za kisheria zinavyokutana na kompyuta, mitandao na kumbukumbu zinazotunzwa humo, umefanywa nchini Tanzania kwa zaidi ya miongo miwili, na katika muda huo wote sehemu yake kubwa imehusu vifungu vya sheria kuliko yale yanayotendeka pale kumbukumbu ya kompyuta inapowekwa mbele ya hakimu. Makala haya yanaeleza, kwa kutegemea kumbukumbu za mwandishi wake aliyejishughulisha na ushahidi wa kielektroniki tangu alipokuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, kwa nini mwelekeo huo hautoshi, na kwa nini swali lililostahili kutangulia, yaani nani aliyetunza kumbukumbu hiyo na kwa njia gani, limechelewa kuulizwa na wanazuoni hata baada ya Bunge lenyewe kuliandika katika sheria.

Uwanja wenyewe si mchanga. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Oslo kilianzisha kituo cha utafiti wa kompyuta na sheria kilichojengwa na Knut Selmer na Jon Bing, na mwaka huohuo jimbo la Hesse katika Ujerumani Magharibi lilipitisha sheria ya kwanza duniani ya kulinda data, yaani taarifa zinazomhusu mtu na zinazoweza kumtambulisha. Mwaka 1996 Jaji Frank Easterbrook wa Marekani, akihutubia wanazuoni mjini Chicago, alisema kwamba hapahitajiki somo la pekee la sheria ya mtandao kama ambavyo hapahitajiki somo la sheria ya farasi, kwa kuwa kununua farasi ni jambo la mikataba na kupigwa teke na farasi ni jambo la madai ya madhara, na kila moja lina mahali pake katika masomo ya kawaida ya sheria. Lawrence Lessig alimjibu mwaka 1999 kwa hoja kwamba programu, kwa jinsi ilivyoandikwa, huruhusu na huzuia matendo ya watu kama sheria inavyofanya, hivyo mwanasheria asiyeisoma programu ameiacha nje sehemu ya sheria yenyewe. Katika vyumba vya semina vya Dar es Salaam jibu la Lessig ndilo lililopendwa, na ni haki lipendwe; lakini mwandishi anaona kwamba hotuba ya Easterbrook ilikuwa na onyo ambalo halikusikilizwa vya kutosha, nalo ni kwamba mtu anayeunganisha taaluma mbili huku akijua kidogo tu kuhusu kila moja huzaa elimu dhaifu kuliko ile ambayo taaluma yoyote kati ya hizo ingeizaa peke yake.

Kwa Tanzania Bara, mahali pa kuanzia panajulikana na kila mwanafunzi wa somo hili. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 ilirithi muundo wa Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, sheria iliyoandikwa katika zama za wino na madaftari ya mkono, na kwa hiyo ilitegemea kanuni ya ushahidi bora, yaani sharti kwamba anayetaka kuthibitisha yaliyomo katika waraka alete waraka halisi na si nakala, isipokuwa pale ambapo sheria imeruhusu vinginevyo. Vitabu vya benki vilipewa nafuu, kwa sababu benki isingeweza kubeba leja zake kila siku kwenda mahakamani, na nakala iliyothibitishwa na ofisa wake ilikubaliwa. Mwaka 2000, katika kesi ya Trust Bank Tanzania dhidi ya Le-Marsh Enterprises iliyofunguliwa katika Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu, lilizuka pingamizi kuhusu karatasi iliyochapwa kutoka kwenye kompyuta ya benki: je, hicho nacho ni kitabu cha benki? Jaji Harold Nsekela aliamua kwamba ndiyo, kwa hoja kwamba mahakama haiwezi kujifanya haioni jinsi biashara za kisasa zinavyoendeshwa, lakini aliongeza kwamba ingekuwa bora zaidi jambo hilo liwekwe wazi na Bunge kuliko kuachiwa majaji.

Bunge lilijibu kwa awamu. Marekebisho ya mwaka 2007 yaliingiza katika Sheria ya Ushahidi kifungu cha 40A, kilichokubali taarifa zilizotolewa kwenye mifumo ya kompyuta na rekodi za sauti na video, lakini katika mashauri ya jinai tu, pamoja na masharti mapya kuhusu vitabu vya benki. Mashauri ya madai yaliyobaki yaliachwa bila kanuni, na ndiyo maana mahakama ya biashara iliyoketi Arusha, katika kesi namba 10 ya mwaka 2008, ililazimika kutafuta njia yake yenyewe ilipoletewa barua pepe kama ushahidi. Pengo hilo lilizibwa mwaka 2015 na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, namba 13 ya mwaka huo, ambayo kifungu chake cha 18 kinakataza ujumbe wa data, yaani taarifa yoyote iliyotengenezwa, kutumwa, kupokelewa au kuhifadhiwa kielektroniki, kukataliwa kwa sababu tu ya kuwa ni ujumbe wa data, nacho kinahusu mashauri ya aina zote.

Historia hii, kutoka Nsekela hadi kifungu cha 18, ndiyo iliyojaza tasnifu, majarida na mihadhara. Adam Mambi aliikusanya sehemu yake kubwa katika kitabu chake cha sheria ya teknolojia ya habari na mawasiliano kilichochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2010, kazi iliyowafungulia njia wengi, na Alex Makulilo, aliyejikita zaidi katika faragha na ulinzi wa data, alihariri mwaka 2016 kitabu kinachopitia sheria za faragha za nchi nyingi za Afrika. Waliofuata nyuma yao, mwandishi akiwa miongoni mwao, walizoezwa kufanya utafiti wa namna moja: kusoma kifungu, kukilinganisha na cha Afrika Kusini, Singapore au Uingereza, kuonyesha pengo, na kupendekeza marekebisho. Namna hiyo ina thamani yake, kwa sababu bila hiyo pengo la mashauri ya madai lisingeonekana mapema. Hata hivyo, ilijengwa juu ya dhana kwamba tatizo la ushahidi wa kielektroniki ni tatizo la mlango, yaani kama mahakama itaupokea au itaukataa, na mara mlango ulipofunguliwa mwaka 2015 watafiti wengi walihamia kwenye makosa ya mtandao na ulinzi wa data kana kwamba kazi imekwisha.

Kilichombadilisha mwandishi mawazo ni kusoma majalada ya kesi. Hukumu inayochapishwa, hata ile inayopatikana bure katika TanzLII, hazina ya hukumu za Tanzania inayofunguka kwa mtu yeyote mwenye intaneti, humpa msomaji kile ambacho jaji aliona kinastahili kutajwa, na kwa kawaida ni pingamizi la mawakili na uamuzi juu yake. Mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya maneno ya mashahidi kama yalivyoandikwa siku ya kusikilizwa, na vielelezo vyenyewe, hubaki masijala. Anayetaka kujua kompyuta inaingiaje mahakamani hana budi kuomba ruhusa, kukaa kwenye benchi la masijala, kungoja karani amalize kuwahudumia mawakili, na kufungua jalada moja baada ya jingine.

Jalada mojawapo lilihusu deni kati ya wafanyabiashara wawili wa nafaka. Kielelezo kikuu kilikuwa mazungumzo ya WhatsApp yaliyopigwa picha kwenye skrini ya simu, kisha yakachapwa kwa wino mweusi kwenye karatasi za kawaida. Mashine ya kuchapa ilikuwa imekata ukingo wa kulia, kwa hiyo saa za ujumbe mwingi hazikuonekana. Juu ya ukurasa lilisomeka jina ambalo mdai mwenyewe alikuwa amelihifadhi katika simu yake, bila namba yoyote. Na muhuri wa mahakama wa rangi ya zambarau uligongwa palepale ilipotajwa idadi ya magunia. Hati ya kiapo iliyoambatishwa ili kuthibitisha uhalisi wa nakala ilisema kwamba kifaa kilichotumika kilikuwa kikifanya kazi vizuri wakati wote, na maneno hayo, hadi alama zake za vituo, yalikuwa yaleyale yaliyomo katika viapo vya majalada mengine yaliyoandaliwa na mawakili tofauti kabisa. Hakuna aliyekuwa ameomba simu iletwe mahakamani. Wakili wa upande wa pili alipinga, lakini pingamizi lake lilihusu kama picha ya skrini ni waraka halisi au nakala, na hakimu, kwa mujibu wa sheria, alilitupa. Kuhusu nani aliyeandika ujumbe ule, na kama mazungumzo yaliyoletwa ni yote au ni kipande kilichochaguliwa, mwenendo wa kesi haukuwa na swali hata moja.

Katika majalada yaliyohusu benki na fedha za simu, shahidi wa kawaida alikuwa ofisa wa tawi au wa kitengo cha sheria, mtu mwaminifu aliyetumwa na mwajiri wake kupeleka karatasi. Alipoulizwa katika maswali ya dodoso, yaani maswali ya upande wa pili yanayokusudia kupima ukweli wa ushahidi, taarifa ile ilitokaje, jibu lililojirudia lilikuwa kwamba mfumo ndivyo ulivyotoa. Baada ya jibu hilo, mara nyingi maswali yaliishia hapo. Shahidi hakuwa akificha kitu. Hakujua, na hapakuwa na mtu chumbani aliyetarajiwa kujua, na neno mfumo likachukua nafasi ya maelezo yote ambayo kitabu cha benki cha zamani kilikuwa na mwandishi wa kuyatoa chini ya kiapo.

Hapo ndipo kifungu cha 18 kinapostahili kusomwa upya, si kama ufunguo wa mlango bali kama orodha ya maswali. Kifungu kidogo cha pili kinaitaka mahakama, inapopima kukubalika na uzito wa ujumbe wa data, iangalie jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa au ulivyotumwa na kama njia hiyo inaaminika, jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa, na jinsi mtumaji wake alivyotambuliwa. Maneno haya yanafuata kwa karibu ibara ya 9 ya Sheria ya Mfano kuhusu Biashara ya Kielektroniki iliyotolewa mwaka 1996 na Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Sheria ya Biashara ya Kimataifa, na yanafanana na yale yaliyowekwa na Afrika Kusini mwaka 2002. Kifungu kidogo cha tatu, kinachofanana na sheria ya mfano ya Kanada ya mwaka 1998, kinaweka dhana, yaani jambo linalochukuliwa kuwa kweli mpaka lithibitishwe vinginevyo: mfumo utahesabiwa kuwa halisi ikiwa, pamoja na njia nyingine, kuna ushahidi kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi ipasavyo, au kwamba hitilafu yake haikugusa ukamilifu wa kumbukumbu. Vifungu hivi viwili havina uzito sawa katika matumizi. Cha pili kinauliza maswali magumu, cha tatu kinatoa njia fupi, na viapo vyote vile vilivyonakiliwa vimeandikwa kwa ajili ya njia fupi.

Hatari ya njia hiyo imeonekana Uingereza kwa kiwango ambacho kila mtafiti wa uwanja huu anapaswa kukijua kwa undani. Kifungu cha 69 cha sheria ya polisi na ushahidi wa jinai ya mwaka 1984 kilimtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta athibitishe kwamba kompyuta ilifanya kazi ipasavyo. Tume ya Sheria ya nchi hiyo ilipendekeza mwaka 1997 kifungu hicho kifutwe kwa kuwa kilikuwa mzigo usio na faida, na kikafutwa na sheria ya mwaka 1999, mahakama zikarudi kwenye dhana ya zamani kwamba mashine hufanya kazi sawasawa mpaka ionyeshwe vinginevyo. Katika kipindi hichohicho Shirika la Posta la Uingereza lilikuwa likifunga katika ofisi zake ndogo mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon. Mfumo ulipoonyesha upungufu wa fedha, waendeshaji wa ofisi hizo walidaiwa, na wengi walishtakiwa kwa wizi na hesabu za uongo. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya 900 walitiwa hatiani, wapo waliofungwa, na mmoja wao aliingia gerezani akiwa mjamzito.

Waliosema kwamba mfumo unakosea walitakiwa waonyeshe unakosea wapi, ilhali kumbukumbu za ndani za mfumo zilikuwa mikononi mwa shirika lililowashtaki na kampuni iliyoutengeneza, Fujitsu. Ilihitajika kesi ya madai ya watu 555 wakiongozwa na mwenzao Alan Bates ili Jaji Fraser, mwezi Desemba 2019, atamke kwamba Horizon ilikuwa na hitilafu zilizoweza kuleta upungufu usiokuwapo na kwamba wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingia katika hesabu za tawi wakiwa mbali. Tarehe 23 Aprili 2021 Mahakama ya Rufani iliwafutia hatia watu 39, na mwaka 2024 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kufuta hatia kwa jumla. Januari 2025 serikali ya nchi hiyo ilianza kukusanya maoni kama dhana ile ibaki au iondoke.

Kwa mtafiti wa Tanzania, somo la Horizon si kwamba kompyuta haziaminiki, kwani nyingi zinaaminika kuliko daftari la mkono. Somo ni kwamba dhana ya uaminifu wa mashine humkandamiza yule asiyekuwa na mashine, na katika nchi ambayo fedha za simu zimeenea tangu mwaka 2008 hadi vijijini, asiyekuwa na mashine ni mkulima, mama muuza mboga au wakala wa kibandani anayedaiwa fedha ambazo taarifa ya kampuni inaonyesha kwamba alizipokea. Ni vigumu kueleza kwa upole jinsi jambo hili linavyostahili kuwahangaisha wanazuoni kuliko linavyowahangaisha. Wakala huyo hana wakili wa kuuliza swali la pili baada ya jibu la kwamba mfumo ndivyo ulivyotoa, na mtafiti ndiye mtu pekee mwenye nafasi ya kuliuliza bila kulipwa na upande wowote.

Kuliuliza kunahitaji elimu ambayo shahada ya sheria haitoi. Mwandishi alifaidika zaidi na mazungumzo na mafundi wa mifumo kuliko na rafu nzima za maktaba. Fundi mmoja alimweleza kwamba taarifa anayochapiwa mteja huweza kutoka katika hifadhidata ya ripoti inayonakiliwa kutoka hifadhidata kuu kwa vipindi, hivyo muamala uliorudishwa, yaani uliofutwa baada ya kukamilika, unaweza kuonekana katika karatasi ya jana na usionekane vilevile katika karatasi ya wiki ijayo, na karatasi zote mbili zikawa zimetoka kwenye mfumo unaofanya kazi vizuri. Alionyesha pia logi, ambazo ni kumbukumbu inazojiandikia kompyuta yenyewe kuhusu nani aliingia, saa ngapi na alibadilisha nini, na akaeleza kwamba hufutwa baada ya muda uliowekwa ili kuokoa nafasi. Wakili anayejua hayo ataomba logi mapema, kabla hazijafutwa. Asiyejua atapinga rangi ya wino. Taasisi moja, ambayo mwandishi aliiandikia kuomba kuona utaratibu wake wa kutunza kumbukumbu bila kugusa taarifa za mteja yeyote, ilijibu kwamba utaratibu huo ni siri ya biashara, ingawa taasisi hiyohiyo ilikuwa ikiwasilisha mahakamani viapo vinavyosema kwamba utaratibu huo ni wa kuaminika. Watafiti wanapaswa kukataa kuishi na hali hiyo. Anayemwomba hakimu auamini mfumo wake hawezi papo hapo kuufanya mfumo huo kuwa siri.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeongeza ugumu na imeongeza fursa. Inambana mtafiti anayesoma majalada yenye namba za simu na mazungumzo ya watu, na inafaa imbane; lakini pia inampa mtu haki ya kuzipata taarifa zinazomhusu kutoka kwa anayezitunza, haki ambayo mawakili bado hawajazoea kuitumia kutafuta ushahidi, na ambayo tasnifu nzuri ingeweza kuifuatilia kuanzia barua ya maombi hadi jibu.

Vyuo vinavyofundisha somo hili viwape wanafunzi wao msimamizi wa pili kutoka idara ya kompyuta, na viwatake wasome mwenendo wa kesi za mahakama za chini kabla hawajapendekeza marekebisho ya kifungu chochote. Mahakama nayo, ambayo imekwisha kupiga hatua kubwa kwa kufungua mashauri kwa njia ya mtandao na kuziweka hukumu zake mahali ambapo kila mwananchi anaweza kuzisoma, iruhusu kwa utaratibu maalumu vielelezo vya kielektroniki visomwe na watafiti baada ya rufaa kwisha, majina yakiwa yamefichwa. Na mahakimu wasiridhike na kiapo kilichonakiliwa: wamwite aliyetunza kumbukumbu, wamuulize aliitunzaje, nani mwingine aliweza kuigusa, na logi ziko wapi. Maswali hayo yote yamo tayari katika kifungu cha 18(2), na hakuna sheria mpya inayohitajika ili yaanze kuulizwa.